Dogo kaingia kwenye setingi za rauta dakika kumi tu, spidi ikatoka 3 mpaka 21. Alifanya nini pale?

#1 Mgosi wa Goba (mtoa mada)
Wakuu habari za muda huu, niende moja kwa moja.

Nakaa Goba, kule bondeni ukishaacha lami. Natumia rauta ya 4G ya kuweka laini, kifurushi cha mwezi kile wanachokiita hakina kikomo. Kwa miezi kama minne spidi ilikuwa inatia aibu, napima napata Mbps 2.8 (megabiti kwa sekunde), ikijitahidi sana 3.4, watoto wakiwasha katuni kwenye tivii kazi yangu mimi inasimama. Nimepiga huduma kwa wateja mpaka yule dada wa kwenye rekodi namuota usiku, jibu ni lile lile, zima uwashe.

Jumatano saa tano asubuhi jirani kaniletea dogo mmoja anasema anaweka sawa modemu. Nikasema haya. Katoa laptopu imejaa stika, kachomeka waya kwenye rauta, kafungua 192.168.8.1, halafu kaingia kwenye programu yake nyingine siijui, anabonyeza huku ananipigisha stori za Simba na Yanga. Dakika kumi ni nyingi. Akaniambia pima mzee. Napima, 21.3! Narudia, 19. Nikampa elfu 25 yake na soda juu.

Sasa jana Ijumaa usiku imerudi 4. Leo Jumamosi asubuhi 5. Dogo simu haipatikani. Wajuzi, alifanya nini pale? Kuna setingi gani inayopandisha spidi mara saba halafu inajirudisha yenyewe? Na naweza kuifanya mwenyewe bila kumsaka?

#2 Kidole Juu
Nipo siti ya mbele na karanga zangu.

#3 Chai ya Rangi
Mgosi umepigwa. Jumatano saa tano asubuhi Goba nzima iko mjini kazini, mnara uko mtupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Hata angekuja kuku akakaa juu ya rauta muda huo ungepata 21. Ijumaa usiku watu wote wamerudi wanaangalia muvi, spidi imerudi kwao. Elfu 25 imeenda hivyo.

#4 Waya Mwekundu
Chai ya Rangi usimkatishe tamaa mwenzio. Kwa maelezo yake (waya, laptopu, programu ya pembeni) huyo dogo alifunga bendi, hii kazi naijua.

Iko hivi. Mnara mmoja unaweza kurusha 4G kwenye bendi kadhaa, yaani njia tofauti za masafa, kwa wakati mmoja. Kuna zile za chini, bendi ya 28 ambayo ni 700MHz na bendi ya 20 ambayo ni 800MHz, zinafika mbali na zinapenya ukuta. Halafu kuna za juu kama bendi ya 3 ya 1800MHz, au bendi ya 40 ya 2300MHz, hizi zinachoka mapema ila mara nyingi kampuni inakuwa na nafasi pana zaidi huko. Kwenye 4G ya kawaida bendi yenye upana wa MHz 10 inabeba kama Mbps 75 hivi kwa watu WOTE walioishika, yenye upana wa MHz 20 inabeba kama 150. Sasa rauta ikiachwa ijichagulie inakimbilia ile yenye vijiti vingi, yaani ile ya chini, na huko ndiko simu zote za bondeni zimekimbilia. Unakuwa na vijiti vinne na spidi ya konokono. Fundi anailazimisha ikae bendi ya 3, vijiti vinapungua vinabaki viwili, spidi inapanda.

Kwenye ukurasa wa kawaida wa rauta nyingi za Huawei hiyo sehemu huioni, ndo maana akatoa programu yake.

Swali kwako Mgosi, baada ya dogo kumaliza vijiti vilipungua au viliongezeka?

#5 Mgosi wa Goba
Waya Mwekundu umenishtua, vilipungua! Nilimuuliza mbona imekuwa miwili akasema mzee angalia spidi usiangalie vijiti.

#6 Waya Mwekundu
Basi uzi ufungwe.

#7 Kijana wa Segerea
Uzi haufungwi mkuu. Weka DNS ya Google tu, 8.8.8.8 na 8.8.4.4, au ile ya Cloudflare 1.1.1.1. Mimi niliweka spidi ikapanda mara mbili papo hapo, wala hakuna cha bendi.

#8 Dokta Pingi
Segerea hapana. DNS kazi yake ni kuuliza hili jina la tovuti liko anwani gani, kama unavyomuuliza bodaboda nyumba ya fulani iko wapi. Ukipata wa kukuelekeza haraka utaanza safari mapema, lakini foleni ya barabarani iko pale pale. Kurasa zinaweza kufunguka chapuchapu ukaona kama spidi imeongezeka, ila ukipakua faili kubwa itakuwa ile ile. Tena wakati mwingine DNS ya mbali inakupeleka kwenye seva ya mbali wakati video ile ile imehifadhiwa hapa hapa Dar.

Jambo la DNS ambalo Mgosi aangalie ni lingine. Umempa mtu usiyemjua aingie kwenye rauta yako. Fungua uone DNS iliyoandikwa mle ni ipi. Ukikuta namba za ajabu ajabu zitoe, maana mwenye DNS anaweza kukupeleka kwenye ukurasa wa benki ambao sio wa benki. Na ubadilishe paswedi ya admini leo hii.

#9 Kidole Juu
Dokta umenitisha, karanga zimenikwama.

#10 Mama Wawili
Nyie wanaume mnapenda mambo makubwa. Mgosi, dogo alibadilisha paswedi ya waifai au hakubadilisha? Nauliza kwa sababu mimi nilikuwa napanga Tabata, nyumba ya wapangaji sita, rauta ni yangu mwenyewe ndani kwangu. Intaneti inakwama kila jioni. Siku moja mdogo wangu akafungua ile sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, tukakuta kumi na nne, na mimi nina simu moja na tivii. Kuna kifaa kimeandikwa jina la mwenye nyumba kabisa! Nikabadilisha paswedi, usiku ule ule wapangaji wote wakawa wananipita koridoni hawanisalimii. Mwenye nyumba akaja kuniuliza "mwanangu hivi mtandao wako umeharibika?"

#11 Mgosi wa Goba
@Mama Wawili hahaha. Ni kweli aliweka paswedi mpya, akaniandikia kwenye karatasi ya boksi la rauta. Ila mimi jirani wa karibu yuko kama mita 40, na paswedi ya zamani nilimpa jirani mmoja tu, huyo huyo aliyeniletea dogo.

#12 Chai ya Rangi
Jirani aliyekuwa anakula waifai yako bure kakuletea fundi wa kumtoa yeye mwenyewe? Huyo jirani ni malaika au hajui kilichotokea.

#13 Mama Wawili
Na watoto wa jirani mwenye paswedi wana marafiki, na marafiki wana simu. Hesabu mwenyewe. Halafu muulize nani nyumbani kwako kampa paswedi mpya Ijumaa.

#14 Nyakato Mwanza
Mimi natoka kidogo kwenye 4G ila funzo ni lile lile. Nimefungiwa faiba, nalipia Mbps 200. Kila nikipima kwenye kompyuta napata 94. Sio 120 sio 80, ni 94 tu, asubuhi 94 usiku 94. Nimebadilisha kila setingi iliyoko duniani, MTU (ukubwa wa pakiti moja ya data) nimeshusha mpaka 1492 nikapandisha 1500, nimezima ukuta wa moto (firewall), nimeweka hiyo DNS ya Segerea. 94.

Siku moja nasafisha nyuma ya meza namulika na tochi ya simu nakuta panya kautafuna waya unaotoka kwenye rauta kuja kwenye kompyuta, nyuzi za brauni zote mbili zimekatika zinaning'inia. Waya ule una nyuzi nane, yaani jozi nne. Spidi ya gigabiti inataka jozi zote nne, zikibaki za chungwa na za kijani peke yake vifaa vinakubaliana vishuke mpaka 100, ukitoa mizigo ya njiani unaona 94 au 95. Waya mpya elfu tano, nikapata 196. Nilikuwa nishaandika barua ya malalamiko kurasa mbili.

Kwa hiyo kabla ya setingi angalieni nyaya.

#15 Kidole Juu
Barua uliituma?

#16 Nyakato Mwanza
Nilituma 🙈

#17 Mzee wa Betri
Vijana mna raha. Sisi tulianza na modemu ya simu ya mezani, kilobiti 56 kwa sekunde kwenye makaratasi, kiuhalisia haifiki, inapiga kelele kama mbuzi amekanyagwa mkia ndipo iunganike. Tuliamini kuna maandishi ya siri ukiyaweka kwenye setingi za modemu inakimbia. Ikaja Windows XP tukaambiwa Microsoft wameficha asilimia 20 ya spidi, ingia sehemu fulani uiweke sifuri. Intaneti kafe za Posta zote tulipita tunaweka sifuri. Kumbe ile asilimia ilikuwa inatengwa tu pale programu ikiiomba, muda mwingine wote ni yako. Na intaneti yenyewe ilikuwa inapitia satelaiti, kilomita elfu 36 kwenda juu, huwezi kuirekebisha na setingi.

Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar ndo tukajua kwamba ubovu haukuwa kwenye kompyuta zetu.

#18 Dokta Pingi
Shikamoo mzee. Hiyo ya asilimia 20 mpaka leo iko kwenye video za mtandaoni, watu wanaipenda kweli.

#19 Mzee wa Betri
Marahaba.

#20 Kasarani Tech
Salamu kutoka Nairobi. Mimi nitawaambia kitu mtanicheka: mimi nilipunguza spidi kwa makusudi na nyumba ikatulia.

Niko na faiba ya Mbps 20. Mtoto akianza kupakia video zake, simu yangu ya video na watu wa kazi inaanza kukatakata, pingi (milisekunde za kwenda na kurudi) inatoka 30 inafika 600. Nikafikiri ni kampuni. Kumbe ni foleni ndani ya rauta yenyewe, inameza pakiti nyingi inaziweka kwenye stoo badala ya kuzipitisha, kwa hiyo zile za simu yangu zinakaa nyuma ya zile za mtoto. Nikaenda kwenye QoS, setingi ya kupanga foleni, nikaandika kwamba spidi yangu ni 18 kushuka na 17 kupanda, yaani kama asilimia 90. Sasa foleni inasimamiwa na rauta yangu na kila mtu anapata zamu. Nikipima naona 18 badala ya 20, lakini hakuna mtu nyumbani amelia tangu hiyo siku.

Watu wa Dar mnapima namba kubwa tu. Pimeni na pingi wakati nyumba imejaa.

#21 Waya Mwekundu
@Kasarani Tech umesema kweli ila hiyo inafaa kwenye faiba ambako spidi imetulia. Kwenye 4G spidi inapanda na kushuka kila dakika, ukiandika 18 halafu mnara ukakupa 6 setingi yako haina maana.

#22 Kasarani Tech
Hapo nakubali boss.

#23 Fundi Bomba
Mimi sio wa mtandao ila nimeona mtu kaongelea 4G. Rauta yangu ina waifai mbili, moja imeandikwa 5G mwishoni. Nikijiunga na hiyo ndo napata 5G sio? Mbona mtaani kwetu 5G haijafika?

#24 Dokta Pingi
Fundi Bomba hiyo ni GHz 5, masafa ya waifai kutoka kwenye rauta kwenda kwenye simu yako ndani ya nyumba. 5G ya mnara ni kitu kingine kabisa, wamefanana jina tu kama Juma wawili mtaa mmoja. Ile ya GHz 5 ina kasi lakini haipendi kuta, ile ya 2.4 inafika mpaka uani ila imejaa vurugu, rauta za majirani, bluetooth, hadi maikrowevu ya kupashia chakula iko humo humo. Ukikaa sebuleni tumia 5, ukienda jikoni kwenye jengo la nje tumia 2.4.

Na kwenye 2.4 chaneli zisizopandiana ni 1, 6 na 11. Pakua apu ya kuangalia waifai kwenye simu uone majirani wamejazana wapi halafu ukae pengine. Usijiweke kwenye 3 au 4 ukidhani umekwepa watu, hapo unagombana na wa 1 na wa 6 wote wawili.

#25 Kijana wa Segerea
Goba bondeni jirani mita 40 chaneli za nini sasa. Hiyo ya ghorofani Kariakoo.

#26 Dokta Pingi
Namjibu Fundi Bomba mkuu, sio Mgosi.

#27 Fundi Bomba
Ahsante Dokta. Mimi niko Kariakoo kweli.

#28 Nyakato Mwanza
😂😂

#29 Mpigania Haki
Wakuu mimi nahisi dogo alibadilisha IMEI ya rauta (namba ya utambulisho wa kifaa), kuna mafundi wanafanya hivyo mtandao unaiona kama simu inapewa kipaumbele.

#30 Waya Mwekundu
Mpigania Haki, mambo ya kubadilisha IMEI usiyalete hapa, ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010. Mgosi geuza rauta chini, soma IMEI kwenye stika, linganisha na iliyoandikwa ndani ya ukurasa. Zikifanana lala usingizi.

#31 Mgosi wa Goba
Zinafanana, nimeangalia tarakimu moja moja na miwani. DNS imeandikwa otomatiki. Paswedi ya admini nilikuta ni admin na admin, yaani dogo hakugusa na mimi sikuwahi kugusa tangu ninunue. Nimebadilisha.

Nimepata na ile sehemu ya taarifa za mnara. Sasa hivi inasoma bendi 20, RSRP -95, SINR 2. Zina maana gani hizi?

#32 Waya Mwekundu
SI NILISEMA! Bendi 20! Dogo alikuhamisha, sasa imerudi bendi 20.

RSRP ni nguvu ya mawimbi, -80 ni nzuri, -95 inavumilika, ukifika -110 unaomba Mungu. SINR ni usafi wake, ukipata 20 unashangilia, 10 uko sawa, 2 maana yake unasikiliza hotuba katikati ya stendi ya Magufuli. Kwa SINR 2 huwezi kupata spidi hata vijiti viwe vitano.

Ijumaa umeme ulikatika kwako? Baadhi ya rauta zikizimika zinakumbuka bendi uliyofunga, nyingine zinasahau zinarudi otomatiki.

#33 Mgosi wa Goba
Ulikatika! Ijumaa saa moja jioni mpaka saa mbili kasoro hivi.

#34 Chai ya Rangi
Subiri kwanza. Umeme ukikatika Goba na mnara nao unahamia kwenye betri au jenereta, na minara mingine ya jirani inaweza kuzima. Watu wa minara miwili wanajazana kwenye mmoja. Spidi ingeshuka hata kama rauta ina akili ya tembo.

#35 Waya Mwekundu
Umeme ulirudi saa mbili. Jumamosi asubuhi bado 5. Mnara ulikuwa unalia msiba?

#36 Chai ya Rangi
Jumamosi watu hawaendi kazini.

#37 Binti wa Makorora
Mgosi mwenzangu wa Tanga pole. Mi nina swali dogo, kifurushi chako kilianza lini? Maana hivyo visivyo na kikomo vina kikomo, soma maandishi madogo. Unapewa spidi kamili mpaka GB kadhaa, ukizimaliza wanakushusha. Mimi kila tarehe ya kujiunga nafurahi siku nne tano halafu narudi gizani, mwanzo nilikuwa nabadilisha setingi kila mwezi nadhani mimi ndo naharibu.

#38 Mgosi wa Goba
Binti wa Makorora sasa umeniharibia usingizi. Nilijiunga upya Jumanne usiku, siku moja kabla ya dogo kuja. Nimeangalia matumizi tangu hapo, GB 61. Watoto wamefunga shule.

#39 Kidole Juu
Haya sasa. Bendi, jirani, kazini, umeme, kifurushi. Nani anaongeza?

#40 Kijana wa Segerea
DNS.

#41 Mama Wawili
Segerea kanywe maji.

#42 Waya Mwekundu
Kwa Binti: kama alishushwa na kampuni kwa sababu ya GB, spidi ingekaa kwenye namba moja, kama Nyakato na 94 zake. Kikomo cha kampuni kinakata kama kisu, leo 4 kesho 4 saa nane usiku 4. Mgosi pima saa tisa usiku. Ukipata ile ile 4 umeshushwa. Ukipata 15 ni msongamano.

#43 Mgosi wa Goba
Nitaweka alamu.

#44 Mzee wa Betri
Hili la kupima usiku ni ushauri mzuri kuliko yote humu. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024? Jumapili ile nyaya za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika zote mbili na nchi nzima ikawa inatambaa. Kijana wangu akachukua sindano akabonyeza kile kitundu cha nyuma ya rauta sekunde kumi, akafuta kila kitu. Nyaya za baharini zikaungwa zikapona, sisi nyumbani tukakaa wiki nzima zaidi bila intaneti kwa sababu hakuna aliyekumbuka jina na paswedi ya kuunganisha faiba.

#45 Nyakato Mwanza
Hiyo siku nilizima na kuwasha rauta mara kumi na moja, nilikuwa nahesabu.

#46 Sufuria la Bibi
Nimechelewa. Kuna mtu kaongelea kuweka sufuria ya alumini nyuma ya rauta? Kwangu Chanika inafanya kazi, naigeuzia upande wa mnara napata kutoka 5 mpaka 9. Shida ni mke wangu kila saa sita mchana anaihitaji.

#47 Dokta Pingi
Inaweza kusaidia, metali inarudisha mawimbi. Ila ukiikosea pembe unaziba kabisa. Kwa nyumba za bati na madirisha ya alumini yenye vioo vya giza kitu cha kwanza ni kuitoa rauta ndani ndani ukaiweka dirishani upande wa mnara, juu, mbali na friji. Kama ni zile zenye matundu mawili ya antena nyuma, kama Huawei B315, unaweza kununua antena ya nje ukaipandisha kwenye bomba la tivii. Waya wake uwe mfupi lakini, ukiwa mrefu sana faida yote inaishia njiani.

Mgosi rauta yako imekaa wapi?

#48 Mgosi wa Goba
Wakuu, wakuu, wakuu. Nimesoma hii ya Dokta kwa sauti sebuleni, mama watoto akaacha kukunja nguo akaniangalia. Anasema, "Si yule kijana ndo aliipandisha dirishani pale juu ya kabati? Mimi nikairudisha nyuma ya tivii, pazia lilikuwa halifungi, na jua lingeiunguza." Mimi wakati dogo anaihamisha nilikuwa nje napokea simu, nilivyorudi sikuangalia imekaa wapi, nilikuwa naangalia namba tu!

#49 Chai ya Rangi
😂😂😂 Uzi umefungwa na mama watoto.

#50 Mama Wawili
Pazia lazima lifungwe lakini.

#51 Kidole Juu
Aliirudisha lini? Hapo ndo kuna kesi.

#52 Mgosi wa Goba
Nimemuuliza. Alhamisi jioni, anakumbuka kwa sababu ndo alifua mapazia. Lakini Ijumaa asubuhi mimi nilikuwa na kikao cha video saa nne, kilienda safi kabisa, na nilipima nikapata 17. Picha ya skrini ninayo.

#53 Waya Mwekundu
Kwa hiyo ikiwa nyuma ya tivii bado ulipata 17. Pazia halina hatia. Umeme ukakatika ndo ikafa. Bendi.

#54 Chai ya Rangi
Ijumaa saa nne asubuhi watu wako kazini.

#55 Binti wa Makorora
Na GB zilikuwa hazijaisha.

#56 Mgosi wa Goba
Mrejesho. Usiku saa tisa nimeamka kama mchawi, rauta ikiwa pale pale nyuma ya tivii nimepima 7.6. Sio 4 na sio 15. Asubuhi nimeipandisha juu ya kabati dirishani (pazia nimelipindua na kibanio cha nguo, nimepewa ruhusa mpaka jioni), RSRP imekuwa -88, SINR 7, bendi bado 20, spidi 11.2. Nimepima mara tatu, 11, 10.4, 11.8. Hii 21 imejificha wapi?

#57 Dokta Pingi
Umepata mara mbili zaidi bila kugusa setingi hata moja. Mimi ningeishia hapo.

#58 Waya Mwekundu
Nusu ya kwanza ni dirisha, nusu ya pili ni bendi. Funga bendi ya 3 tuone. Ila jua ukifunga bendi moja kwenye rauta inayoweza kuunganisha mbili kwa pamoja unaweza kujipunguzia badala ya kujiongezea, na siku bendi hiyo ikizimwa pale mnarani utabaki na taa nyekundu bila kujua kwanini. Kwa hiyo andika kwenye karatasi ulichobadilisha.

#59 Kijana wa Segerea
Mbps 11 ni MB 11 kwa sekunde mkuu, muvi ya GB 1 dakika moja na nusu. Unalalamika nini?

#60 Nyakato Mwanza
Segerea gawa kwa nane, Mbps ni megabiti na baiti moja ni biti nane. 11 ni kama MB 1.4 kwa sekunde, hiyo muvi ni dakika kumi na mbili.

#61 Kijana wa Segerea
Kumbe ndo maana.

#62 Mgosi wa Goba
Dogo kapatikana! Alikuwa Kigamboni laini yake ilikuwa imezimika chaji. Nimemuuliza moja kwa moja ulifanya nini kwenye rauta yangu. Anasema "bendi mzee, na kile kitu kingine." Kitu gani kingine? Anacheka. Anasema Jumamosi anapita, niandae elfu kumi, ataniwekea isitoke tena hata umeme ukikatika.

#63 Waya Mwekundu
Bendi! Kasema mwenyewe.

#64 Chai ya Rangi
Anakuja Jumamosi saa ngapi? Mwambie aje saa mbili usiku, sio saa tano asubuhi.

#65 Kidole Juu
Mpe hiyo elfu kumi Mgosi, tutachanga humu, tunataka kujua hicho kitu kingine.

#66 Mama Wawili
Kitu kingine ni dirisha jamani.

#67 Sufuria la Bibi
Kama kitu kingine ni sufuria mniambie, nakuja kudai hakimiliki.